Kuomba Njia Koru

Siku mke wangu alipoanguka jikoni, nilizima jiko kwanza. Maziwa yalikuwa yanataka kumwagika, nikayaokoa, ndipo nikainama kumshika. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi na bado haliniletei aibu inayostahili. Nilikuwa kama mtu aliyedungwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno. Unajua kuna jino linang'olewa, hata mlio wake unausikia, lakini ni kama jino la jirani.

Kilikuwa kiharusi. Tulikaa hospitali Kericho wiki kadhaa, mguu wake wa kulia ukaanza kurudi polepole, mkono wa kulia ukabaki umelala mapajani, na maneno yakaisha. Si kwamba alikuwa haelewi. Ukimwambia geuka anageuka, ukimwambia chai ni moto anangoja. Ila akifungua mdomo hakitoki kitu, ama inatoka pumzi tu, halafu anafumba macho kwa hasira. Na huyu alikuwa mtu wa kuongea. Mimi Mjaluo wa kando ya ziwa ndiye nilisifiwa mdomo, lakini nyumbani kwetu aliyeongea ni yeye, Mkipsigis wa Roret, na aliongea na ng'ombe, na kuku, na sufuria ikichelewa kuchemka.

Pale hospitali kulikuwa na msichana mwenye miwani ambaye kazi yake ni kuwafundisha watu kusema tena. Aliniita kando, kwenye benchi la koridoni. "Baba," akaniambia, "hii miezi ya kwanza ndiyo ya kukaza. Maneno yakikaa sana bila kuitwa, inakuwa ngumu kuyarudisha. Kuna kitu Mama alikuwa anasema kila wakati bila hata kufikiria? Sala? Wimbo? Kuhesabu?"

Nikamwambia nitajaribu. Nilisali naye Baba Yetu sentensi kwa sentensi, nikisimama ili amalizie, naye akawa anautazama ukuta. Niliimba nyimbo za kanisa lao, na sauti yangu mnavyoijua haifai, mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba nipunguze. Nilihesabu mpaka ishirini. Hapakutoka kitu. Usiku mmoja, nikikunja blanketi lake, nikakumbuka kitu alichokuwa akisema kila Jumamosi kwa miaka mingi, maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Alikuwa akisema, "Koru hapa. Njia wazi, leta."

Lazima nieleze, maana mtu asiyejua atadhani na mimi nimepigwa na kiharusi.

Ujanani nilifanya kazi steshenini Londiani, karani wa kupokea na kutuma treni. Kazi yenyewe ilikuwa ni kuomba ruhusa. Reli ya upande ule ni moja tu, treni haziwezi kupishana njiani, kwa hiyo kabla hujaachilia treni unampigia mwenzako wa stesheni ya mbele: naomba njia. Akisema njia wazi, unaandika kitabuni, unaachilia. Asipojibu, treni inakaa. Hata kama ndani kuna mkubwa nani, inakaa. Niliipenda kazi hiyo kuliko ninavyoweza kusema. Halafu treni zikapungua, steshenini kukabaki mbuzi, nikahamia stoo ya kiwanda cha chai, nikawa mtu wa kutoa magunia na kurudisha magunia.

Meneja mmoja wa mashamba alipokuwa anarudi kwao aliniachia boksi la treni ndogo za watoto wake, zile za kuchomeka kwenye stima ya ukutani. Injini tatu, mabehewa kadhaa, na vipande vya reli. Alidhani nitawapa wajukuu. Wajukuu nani! Nilifunga mlango wa chumba cha wageni, ambacho hakikuwahi kulaza mgeni, nikaanza kupigilia mbao.

Ilinichukua miaka. Meza ya mbao za mkangazi wa bei ya chini, imepinda kama kiatu cha farasi, inaanzia juu mlangoni na kuteremka mpaka chini ya dirisha. Juu ni Londiani, halafu Kipkelion, halafu Fort Ternan, na mwisho chini kabisa Koru. Milima ni magazeti na uji wa ngano. Mataruma ya kulazia reli ni njiti za kiberiti. Majani chai ni sponji ya kuoshea vyombo, nimeikata vipande na kuipaka kijani, na mke wangu aliponiona nikiipanga kwenye mlima karibu na Kipkelion alicheka. "Mistari yako imepinda," akasema. "Hapo mtu atachuna vipi na kikapu mgongoni?" Nikaipanga upya.

Wageni wakiona wanasema, ai, mzee anacheza na toi. Hapo ndipo nilikuwa napandisha hasira. Kucheza ni kuwasha treni izunguke huku unapiga makofi. Sisi tulikuwa tunafanya kazi. Kila behewa lina kadi yake: viazi vya Londiani kwenda chini, sukari kuja juu, mbolea ya kiwanda, mbao, chupa za soda zikirudi tupu. Treni haiondoki kwa sababu unataka kuiona ikienda. Inaondoka kwa sababu kuna mzigo, ni saa yake, na mbele wamekubali. Nilikuwa na saa ya ukutani isiyo na betri, naisogeza kwa kidole, dakika nne kwa kila dakika moja ya kweli, ili siku nzima ya reli iishe kabla ya giza.

Tulikuwa watatu. Londiani ilishikwa na rafiki yangu muuza viazi, watu wao walikuja zamani kutoka Nyeri, na yeye ndiye alikuwa akipeleka treni za abiria. Mimi niliendesha mizigo na kusogeza saa. Koru ilishikwa na mke wangu, kwa sababu tulihitaji mtu wa tatu na yeye alikuwa karibu. Sikumbuki kama nilimwuliza. Nadhani nilimwekea kiti.

Kengele ya mlango ndiyo ilikuwa simu yetu. Rafiki yangu anabonyeza mara mbili. "Koru, naomba njia, abiria inateremka." Mke wangu anatazama kama reli yake iko tupu. "Koru hapa. Njia wazi, leta." Ndivyo hivyo, Jumamosi baada ya Jumamosi, yeye amevaa leso na miguu ina matope ya shambani, maana alikuwa na majani chai yake nyuma ya nyumba, shamba dogo tu, na Jumamosi asubuhi alikuwa akichuna na kupeleka senta, pale kiwanda kinapopimia majani, kabla ya saa zetu.

Basi nilipomtoa hospitali nilikuwa na mpango. Maneno ya Koru yalikuwa yamemwingia mpaka mifupani. Nikiyaita, yatakuja. Sikuwa na furaha wala matumaini, nisiseme uongo. Nilikuwa na ratiba. Saa moja uji, kumpa dawa, kumkandakanda mkono, kumwogesha, kumgeuza, chakula, halafu treni. Nilifanya yote kama mtu anayepanga magunia stoo. Majirani walinisifu, mzee anamtunza mama vizuri jamani, nikawa nawashukuru na nafunga mlango.

Nikamsukuma na kiti cha magurudumu mpaka Koru, chini ya dirisha. Nikaweka abiria pale Fort Ternan. Nikaenda nikabonyeza kengele mara mbili. "Koru, naomba njia, abiria inateremka."

Kimya. Na kwa sheria yetu, ukiona kimya treni inakaa. Kwa hiyo ikakaa. Nikakaa na mimi. Yeye alinitazama, akatazama meza, akatazama dirisha. Jirani akawa anampigia kelele ng'ombe. Nikabonyeza tena.

Siku ya pili rafiki yangu wa viazi alikuja kusaidia. Alisimama Londiani kwake, akabonyeza, akaomba njia kwa sauti yake kubwa ya sokoni, akangoja. Alingoja kama dakika kumi. Nikamwona anapangusa uso. "Haki mimi hii siwezi kuangalia," akasema. "Si umwache mama apumzike?" Nikamwambia hospitali wamesema tukaze. Akaniachia nusu debe ya viazi mlangoni, hakurudi tena. Sikumlaumu. Niliosha viazi.

Ilikuwa wiki ya tatu nyumbani. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama Koru mbele yake kabisa, nimeshazunguka na kengele nimechoka, nikamwambia tu kwa uvivu, "Mizigo iko Koru. Tuifanye nini?"

Akafunga midomo. Nikaona uso unakaza, mshipa wa shingo umetoka. Halafu neno likatoka, zito, limelowa mate. "Panda."

Nilisikia vizuri. Panda! Treni ya mizigo ipande, iondoke Koru irudi juu milimani. Neno la kazi kabisa, neno la reli. Nikafungua stima, treni ikaanza kupanda, nikaandika kitabuni saa na maneno: Koru imesema panda. Yeye akapiga meza na mkono wa kushoto mpaka mabehewa yakaruka. Nikajua ni furaha. Nikampigia msichana wa hospitali simu, akapiga kelele ya shangwe hata nikaisogeza simu mbali na sikio. "Ni vizuri sana, Baba! Endelea na hiyo hiyo, usibadilishe!" Watu wa kanisa wakaja wakashukuru. Nilisimama katikati yao nikijihisi kama mtu aliyepokea mzigo wa mwenye jina kama lake.

Nikaendelea na hiyo hiyo. Kila mchana alisema neno lile, na kila mara nilifungua stima na treni ikapanda. Kila mara akapiga meza. Mara nyingine alifumba macho. Siku moja alilia, machozi upande mmoja tu wa uso. Hospitali walikuwa wameniambia wagonjwa hawa hulia na hukasirika bila sababu, nisijali. Sikujali. Niliongeza treni. Badala ya mchana tu, tukawa na za asubuhi pia. Nilijiambia mwenye bidii ni mimi.

Halafu dada yake mkubwa akaja kutoka Roret. Alikuja na mursik, maziwa yao ya kugandisha, kwenye kibuyu, na kabichi, akamsalimia mdogo wake kwa Kipsigis kwa muda mrefu, akimshika kichwa. Mimi nilikuwa natazama saa ya reli. Ilikuwa wakati wa mizigo ya mchana.

"Shemeji, sasa unampeleka wapi?"

"Kazini," nikasema. "Njoo uone. Anasema neno moja tayari."

Akatufuata, akakaa kwenye kiti cha Londiani, mikono mapajani. Mama yule ni mzito na hana haraka. Nikapanga mabehewa, nikasogeza saa, nikabonyeza kengele. "Mizigo iko Koru. Tuifanye nini?"

Mke wangu akakaza uso akalitoa neno.

"Umesikia?" nikamwambia shemeji. "Panda." Nikanyoosha mkono kwenye swichi.

Hakunigusa, heshima ni heshima, lakini aliweka kiganja chake juu ya swichi kabla ya changu kufika. "Amesema banda."

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, na sipendi kurudi. Kule Koru kulikuwa na banda la injini. Koru ya kweli sijui kama iliwahi kuwa nalo. Yetu ilikuwa nalo kwa sababu meza iliishia ukutani na nilitaka mahali pa kulaza injini, nikalikata kutoka kwa pakiti za maziwa nikalipaka rangi ya kutu. Kazi ikiisha, injini inaingia banda. Sasa katika mdomo wa mke wangu, na wa watu wa kwao wengi, P na B zinakaa kiti kimoja. Miaka mingi kabla ya ugonjwa, Jumamosi moja, alikuwa amempa rafiki yangu njia, abiria tayari inateremka kutoka juu, akaniambia mimi wa mizigo nijifiche: "Mizigo, banda." Mimi nikasikia panda. Nikapanda. Treni zikakutana uso kwa uso kwenye daraja chini ya Fort Ternan, injini yangu ikaanguka kwenye sakafu ya simiti, pua ikakatika.

Rafiki yangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nikamgeukia mke wangu mbele yake. "Kwani miaka yote hii hujajua tofauti ya P na B? Ebu sema: pe. Haya, sema: be." Kama mwalimu wa nasari na mtoto mzito. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi nimesema banda." Na hata hapo nikasikia panda, nikainua mikono juu, nikamwambia rafiki yangu unaona sasa? Nikachukua kitabu nikaandika sheria: neno banda lisitumike Koru, neno ni shedi. Nikamwambia atie sahihi. Akatia. Tangu siku hiyo alisema shedi, na mezani hakusema kitu kingine zaidi ya maneno ya kitabu. Hakunitania tena kuhusu mistari ya chai. Nilimsifu kwa rafiki yangu, nikasema Koru sasa inaendeshwa sawasawa.

Kwa hiyo shemeji aliposema banda, nilikataa. "Hilo neno hatulitumii," nikasema. "Amesema panda, nimesikia kwa masikio yangu."

"Masikio yako!" Akacheka kidogo bila kufurahi. "Hata mimi ukinisikiliza utasikia unachotaka. Ndivyo tunaongea. Wewe unasikiliza mdomo, shemeji. Angalia mkono."

Nikaangalia mkono. Mkono wa kushoto wa mke wangu, ule mzima, ulikuwa juu ya meza, kidole kimeelekezwa kwenye banda la pakiti za maziwa, karibu kuligusa. Rangi ya kutu ilikuwa imeanza kubanduka pale mlangoni, mahali kidole kilipokuwa kikisugua.

"Mkono ulikuwa hapo tangu siku ya kwanza?" nikamwuliza.

Akafumba macho akafumbua. Hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo yake.

Nikahesabu bila kutaka. Karibu wiki nne, mchana, halafu mchana na asubuhi. Kila mara mtu huyu alikuwa akiokota nguvu zake zote, jasho likimtoka, kuniambia weka hii kitu banda, imetosha. Na kila mara mimi nikasema asante nikaiwasha tena. Nilikuwa natazama saa, natazama kitabu, natazama injini isikwame kwenye kona. Mkono wake ulikuwa nusu mita kutoka kwangu.

Ningependa kusema niliumia hapo hapo. Sikuumia. Niliona tu jinsi nilivyokosea, wazi kabisa, kama unavyoona kosa kwenye hesabu ya stoo, na bado ganzi ikanikalia kifuani.

"Basi weka kitu chako banda," shemeji akasema, akainuka. "Mimi naenda kupasha chai." Akatoka, akauvuta mlango.

Nikarudisha injini polepole. Iliingia banda, ikagusa ukuta wa mwisho kidogo, ikasimama. Nikazima stima. Transfoma ya kupunguzia treni stima ina mvumo mdogo ambao ukiuzoea huusikii, mpaka uishe. Ulipoisha chumba kikawa kikubwa. Mke wangu akashusha mabega. Nilikuwa sijajua kwamba alikuwa ameyapandisha wiki zote hizo.

Akafunga midomo tena, akakaza. Nikataka kumsaidia, nikajizuia. Neno lilichukua muda.

"Nje," akasema.

Neno hilo halikuwa kwenye kitabu. Hakuna aliyemfundisha.

Nikamsukuma nje kupitia mlango wa nyuma, magurudumu yakikwama kwenye kizingiti, nikainua kiti na yeye ndani yake, mgongo ukalia. Jua la saa tisa lilikuwapo bado, mvua inakusanyika upande wa Kipkelion. Shamba lake la chai lilikuwa pale, hatua chache, na nilikuwa sijaliangalia tangu siku ya jikoni. Halikuwa limechunwa. Majani laini yalikuwa yamepita kimo, yamekomaa na kugeuka magumu, matawi yamesimama kila upande. Mtu yeyote wa huku akipita angejua nyumba hii ina shida. Mimi nilipita hapo kila asubuhi na ndoo ya maji.

Alilitazama kwa muda mrefu. Nilitafuta cha kukalia, nikapindua ndoo, nikakaa kando yake.

"Ulikuwa umechoka na treni," nikasema.

Macho yakafumba, yakafumbua. Ndiyo.

"Tangu uumwe?"

Akatikisa kichwa.

Nikajua basi ni ile ajali ya daraja, ile siku ya pe na be. Nilikuwa tayari kwa hilo, hata msamaha nilishauanza mdomoni. "Tangu siku ile nilikugombeza."

Akatikisa kichwa tena. Akaanza kulitafuta neno, nikaona linavyomsumbua, midomo inakutana na kuachana. Sikumwita, sikumwonyesha, sikumpa herufi ya kwanza. Ndani tukasikia shemeji akiangusha kifuniko cha sufuria.

"Mwanzo," akasema.

Tangu mwanzo. Nilikaa na neno hilo juu ya ndoo. Miaka yote ile. Matope miguuni, kikapu kimetoka senta sasa hivi, chai yake ya saa tisa imepoa kwenye dirisha la Koru, na yeye anasema njia wazi, leta, kwa sauti ambayo nilidhani ni ya mtu anayependa. Nilijivunia sauti hiyo. Niliwaambia watu, mke wangu ni mtu wa reli kuliko mimi.

"Sasa mbona ulikuwa unakuja?" nikamwuliza, na sauti ilitoka na ukali ambao sikuukusudia. "Si ungesema tu? Kila Jumamosi! Ulikuwa unakuja kufanya nini?"

Alinigeukia polepole, kichwa kwanza halafu bega. Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyeuliza maji yako wapi na mtungi uko mbele yake. Mkono wa kushoto ukainuka kutoka kwenye kiti, ukaja mpaka kifuani kwangu, ukakaa hapo.

"Wewe," akasema.

Hapo iliniuma. Iliniuma kwa mara ya kwanza tangu aanguke, na iliniuma yote pamoja, ya jikoni, ya hospitali, ya daraja, na ya michana yote ile niliyomkatalia. Nilishika ule mkono wake. Nikamwambia pole, mama. Nikasema tena pole. Sikumwomba ajibu.